Kidiaba wa Mazembe: miaka kumi na tatu golini

Tukitaja jina la Robert Kidiaba mbele ya vijana wenzetu, watu wanacheka kwanza. Halafu mmoja anakaa chini, ananyoosha miguu, anaanza kuruka-ruka kwa makalio kwenye vumbi mpaka suruali inabadilika rangi. Basi, hadithi inaishia hapo. Wadogo zetu wengi wanaijua hiyo ngoma ya makalio kutoka kwenye video fupi za simu, lakini ukiwauliza huyo mtu alishinda nini, kimya.

Ndiyo maana safari hii tumeamua kumwandika. Na nyinyi kaka na dada wa mashirika mnaotusoma, mnaotuuliza kila siku Kongo ina historia gani zaidi ya vita, hii nayo ni historia. Ina tarehe, ina mashahidi, na sehemu yake kubwa ilizungumzwa kwa Kiswahili.

Kidiaba alizaliwa Likasi, mji wa migodi kule Katanga, tarehe 1 Februari 1976. Wakati huo nchi iliitwa Zaire. Hesabu kidogo mwone: vita vya 1996 vilipoanza, alikuwa kijana wa miaka 20, rika la wengi wetu leo. Vita vya pili vikaanza Agosti 1998. Mwaka 1996 ndio mwaka kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa kule Kigoma kwa ajili ya watu waliokuwa wanavuka ziwa. Yaani miaka ambayo kipa anatakiwa kujulikana, akaonekana, akachukuliwa na klabu kubwa, ndiyo miaka ambayo nchi ilikuwa inagawanyika vipande. Alijiunga na TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2002, akiwa na miaka 26. Kwa mshambuliaji, umri huo watu wanaanza kukuuliza kwa nini bado hujaenda Ulaya. Kwa kipa, ni umri wa kuanza kukomaa.

Sasa Mazembe ni nini? Ni klabu iliyoanzishwa mwaka 1939 na wamisionari Wabenediktini, ikapita majina kadhaa, ikawa Englebert, jina la kampuni ya matairi. Kati ya 1967 na 1970 ilifika fainali ya klabu bingwa Afrika mara nne mfululizo, ikachukua kombe la 1967 na la 1968. Golini alikuwa Kazadi Mwamba. Wazee wa Lubumbashi, ambao hawasemi kipa bali "gardien", wakimtaja Kazadi wanashusha sauti kama wanataja marehemu wa ukoo.

Lakini dunia inamkumbuka Kazadi kwa dakika ishirini tu. Mwaka 1974 Zaire ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia, kule Ujerumani Magharibi. Mechi ya kwanza walifungwa 2-0 na Scotland, na wakacheza vizuri tu. Kabla ya mechi ya pili ukazuka ugomvi wa posho, wachezaji wakaona hela yao haiji, wakatishia kugoma. Wakaingia uwanjani dhidi ya Yugoslavia mioyo ikiwa mahali pengine. Walipofungwa la tatu, kocha Blagoje Vidinić akamtoa Kazadi, akamwingiza Tubilandu, kipa mfupi ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kuokota mpira wavuni. Ikaisha 9-0. Tangu hapo, kwa nusu karne, kila mtu anayetaka kuchekesha kuhusu mpira wa Afrika anaitoa hiyo 9-0.

Tusimame kidogo hapo, kwa sababu kuna mtu mwingine kwenye mechi ile ambaye ni wa kwetu kabisa. Ndaye Mulamba alipewa kadi nyekundu kwa kosa la mwenzake. Mwamuzi alikosea mtu. Miezi michache kabla alikuwa amefunga mabao 9 kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, rekodi ambayo haijavunjwa. Mwaka 1994, baada ya kupewa heshima na wakuu wa soka la Afrika, watu wenye silaha walimvamia wakidhani ana pesa, wakampiga risasi mguuni. Akaishia Afrika Kusini, mkimbizi kama sisi, kwenye mitaa ya maskini ya Cape Town. Mwaka 1998 ilitangazwa kwamba amekufa, na watu wakasimama kimya uwanjani kumwombea, kumbe yuko hai. Alifariki kweli mwaka 2019. Tutamwandikia makala yake peke yake, anastahili.

Turudi kwa Kidiaba. Alipovaa glovu za Mazembe, klabu ilikuwa haijashika kombe la klabu bingwa tangu 1968. Alikaa golini mwaka baada ya mwaka, anashinda ligi ya nyumbani, anatoka kwenye mashindano ya Afrika, anarudi tena. Kipa ana kazi ngumu ya namna hiyo: mshambuliaji akikosa mara tano akafunga mara moja, ni shujaa, kipa akiokoa mara tano akateleza mara moja, anatukanwa mpaka sokoni.

Mwaka 2009 mambo yakafunguka. Mwezi Machi Kongo ilichukua kombe la kwanza kabisa la CHAN, mashindano ya wanaocheza ligi za nyumbani, kwa kuifunga Ghana 2-0 kule Abidjan, na Kidiaba alikuwa kwenye kikosi. Novemba ikaja fainali ya klabu bingwa dhidi ya Heartland ya Nigeria. Ugenini Mazembe walifungwa 2-1. Marudiano Lubumbashi walihitaji bao moja tu, kwa sababu walikuwa na lile la ugenini. Bao likapatikana kipindi cha pili, tena la Heartland kujifunga wenyewe. Kuanzia hapo kila kitu kilikuwa mikononi mwa kipa na mabeki: Wanigeria wakipata moja tu, kombe linaondoka. Halikuondoka. Miaka 41 ya kungoja ikaisha kwa 1-0. Kidiaba alikuwa na miaka 33.

Mwaka uliofuata wakalitetea kwa fujo: Espérance ya Tunisia ilikula 5-0 Lubumbashi, sare 1-1 kule Tunis. Ndipo Desemba 2010 wakaenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la klabu. Mwaka wa nyuma yake walikwenda huko huko wakafungwa mechi zote mbili, kwa hiyo hakuna aliyewapa nafasi. Tena nyota wao, Trésor Mputu, hakuwepo, alikuwa amefungiwa na FIFA.

Wakaifunga Pachuca ya Meksiko 1-0. Nusu fainali, tarehe 14, wakakutana na Internacional ya Brazil, mabingwa wa Amerika Kusini. Hii ndiyo mechi tunayowaomba mtafute muitazame yote, siyo vipande. Wabrazili walishambulia, Kidiaba akatema, akapangua, akadaka, akalala miguuni mwa watu. Dakika ya 53 Kabangu akafunga, dakika ya 85 Kaluyituka akamaliza. 2-0. Tangu mashindano hayo yaanze, fainali ilikuwa ya Ulaya na Amerika Kusini tu. Mazembe ndio waliokuwa wa kwanza kuvunja huo utaratibu, tena klabu ya mji ambao wauza nyanya wake wanapiga bei kwa Kiswahili.

Na hapo ndipo dunia ikaona ile ngoma. Mazembe wakifunga, wenzake wako mbali upande wa pili wanakumbatiana. Kipa yuko peke yake. Kwa hiyo Kidiaba anakaa kwenye nyasi, miguu mbele, anaruka kwa makalio kukatisha eneo lake la goli, kile kisuko chake cha nywele kikiruka naye. Watangazaji wa Ulaya walicheka sana. Hata kwenye kundi letu tumebishana: wengine wanasema alituaibisha, alifanya Mwafrika aonekane mchekeshaji. Wengi wetu hatukubali. Mtu aliyekosea kazi halafu akacheza ngoma, huyo ni mchekeshaji. Aliyezuia Internacional dakika 90 anaruhusiwa kushangilia anavyotaka. Na jaribuni wenyewe kuruka hivyo mita kumi, muone tumbo na mapaja yanavyouma. Si mchezo.

Fainali walifungwa 3-0 na Inter Milan, ya Samuel Eto'o. Mabao mawili yaliingia ndani ya dakika 17 za mwanzo. Hatuna la kuongeza, Inter walikuwa bora.

Timu ya taifa ilichelewa zaidi. Kongo ilikosa Kombe la Mataifa la 2008, la 2010 na la 2012. Iliporudi mwaka 2013, kule Afrika Kusini, ilitanguliwa na nini? Ugomvi wa posho. Miaka 39 baada ya Kazadi, habari ni ile ile. Lakini safari hii hawakuanguka. Ghana waliongoza 2-0, Kongo wakarudisha yote mawili, na Kidiaba akaruka ngoma yake. Walitoka na sare tatu, bila kufungwa mechi hata moja, na bado wakarudi nyumbani hatua ya makundi.

Mwaka 2015 kule Guinea ya Ikweta walipata tena sare tatu, ila safari hii zikatosha. Robo fainali ilikuwa tarehe 31 Januari, siku moja kabla Kidiaba hajatimiza miaka 39, dhidi ya jirani wa ng'ambo ya mto, Kongo Brazzaville. Kocha wa Brazzaville alikuwa Claude Le Roy, yule yule aliyeifundisha Kongo yetu mwaka 2013. Dakika ya 62 Kidiaba ameshafungwa mawili. Kwa kipa mzee, hapo ndipo watu wanaanza kusema apumzike. Dakika tatu baadaye Mbokani akarudisha moja, kisha Bokila, kisha Kimwaki, kisha Mbokani tena. 4-2. Wachezaji wa 1974 waliobaki hai tunadhani walilala vizuri usiku ule.

Nusu fainali Côte d'Ivoire waliwafunga 3-1, na hao ndio waliochukua kombe. Mechi ya mshindi wa tatu dhidi ya wenyeji iliisha 0-0, Kongo wakashinda kwa penati 4-2. Kidiaba akaaga timu ya taifa na medali ya shaba. Mwezi Novemba mwaka huo huo Mazembe wakaifunga USM Alger nje na ndani, kombe la tano la klabu, la tatu katika zama zake. Baada ya hapo akatundika glovu.

Uchaguzi wa Desemba 2018 aligombea ubunge wa jimbo la Haut-Katanga, akachaguliwa. Hapo sasa hatuingii, siasa za Katanga zina wenyewe, na kundi hili lina watu wa kila upande.

Wenye wazazi waliokuwa Lubumbashi miaka ya Kazadi, waulizeni wanakumbuka nini, mturekodie sauti zao wakiwa bado wana nguvu ya kusimulia. Tunaanza kukusanya kwa ajili ya makala ya Ndaye Mulamba.