Ukinzadawa, Wala Si Usugu

Mtaani Nyankumbu, mjini Geita, mfugaji mmoja wa kuku wa nyama hukoroga unga wa njano wa OTC (antibayotiki ya oksitetrasaiklini) kwenye ndoo ya maji kwa kila kundi la vifaranga, wawe wagonjwa au wazima. Nilipomuuliza mbona kipimo kimeongezeka, alinijibu: "Hawa wameshazoea dawa, mwalimu." Nikamuuliza kama amewahi kusikia neno UVIDA. "Si ule ugonjwa uliokuja baada ya UVIKO?"

Simlaumu hata kidogo. UKIMWI na UVIKO vimetufundisha kwamba kifupisho cha herufi kubwa kinachoanza na U ni jina la ugonjwa. Sasa tumeletewa "Usugu wa Vimelea vya Magonjwa Dhidi ya Dawa", msafara wa maneno ambao hakuna mwenye duka la dawa za mifugo atakayeutamka mteja akiwa amesimama na noti mkononi. Waliouunda walijua hivyo, ndiyo maana wakaufupisha papo hapo kuwa UVIDA. Istilahi inayohitaji kifupisho siku ya kuzaliwa kwake imezaliwa na kasoro.

Tulitazame neno *sugu*. Asili yake ni ngozi iliyokakamaa kwa msuguano. Sugu na *sugua* ni ndugu. Mchimbaji wa machimbo ya Rwamagasa anayeshika sururu kutwa anaota sugu kiganjani: ngozi ileile iliyokuwa laini imekuwa ngumu. Humo ndimo upotoshaji ulimo. Bakteria hakomai kwa kuguswa na dawa. Katika utumbo wa kuku mmoja mnaweza kuwa na mamilioni ya bakteria kama Salmonela na E. koli, na wachache kati yao tayari wana jeni ya kuizuia dawa. OTC inapoingia, wanyonge wanazuiwa kukua, wale wachache wanabaki na uwanja mtupu, wanazaliana, na jeni hiyo wanaweza kuwapa hata bakteria wa jamii nyingine. Hapo kuna uteuzi, wala hapana ngozi iliyokakamaa. Isitoshe, neno lenyewe lilishatwaliwa zamani. Kisukari ni ugonjwa sugu, mwizi wa kila siku ni mhalifu sugu. Na wanaofupisha wakasema "usugu wa dawa" wanaharibu zaidi, kwa kuwa kwa sarufi yetu anayekuwa sugu hapo ni dawa yenyewe.

*Vimelea* nalo lina mushkeli. Limetokana na *-mea*, likanyambuliwa *-melea*: kuota juu ya kingine na kukinyonya. Salmonela wengi hukaa tumboni mwa kuku bila kumdhuru, hadi watakapofika kwa mlaji. Wapo pia wanaopigania "ustahimilivu". Hao wangefungua kitabu cha maikrobiolojia kwanza, maana bakteria anayestahimili dawa kwa kusinzia na kusitisha ukuaji mpaka ipite ni habari nyingine kabisa, yenye jina lake.

Mimi nasema *ukinzadawa*. Kitenzi *-kinza* ni chetu: kupinga, kuzuia, kukataa. Tunacho katika kauli zinazokinzana mahakamani, na mwanafunzi wa sayansi anakijua katika ukinzani wa umeme. Umbo lake halina ugeni: tulisema *mchapakazi* tukapata *uchapakazi*, tumesema *kiuavijasumu* kwa antibayotiki bila kuona taabu. Basi bakteria mwenye tabia hii ni *kikinzadawa*, wengi *vikinzadawa*, na hali yenyewe *ukinzadawa*. Mtendaji anaonekana, anachokipinga kinaonekana. Niliwahi kulipeleka neno hili mbele ya jopo la istilahi, nikajibiwa kwamba kukinza ni msamiati wa mafundi umeme. Jibu hilo lilinisikitisha na bado linanisikitisha. Neno linalofahamika kwa fundi na kwa mwanafunzi limekwisha kushinda nusu ya vita, na jopo lililotakiwa kulipokea lilimaliza kikao kwa kulizaa lile la herufi tano.

Tusiseme jambo ni jipya, tusubiri. Alexander Fleming alionya katika mhadhara wake wa Nobel mwaka 1945 kwamba dozi pungufu ya penisilini hufuga vijidudu visivyouawa nayo. Shirika la Afya Duniani lilipitisha mpango wake wa kupambana na ukinzadawa mwaka 2015, Tanzania ikazindua wake mwaka 2017. Mwaka 2019 pekee, vifo takriban milioni 1.27 duniani vilikadiriwa kusababishwa moja kwa moja na vikinzadawa.

Kwa matumizi ya neno hili: moto wa kutosha unaua kikinzadawa sawa na bakteria mwingine yeyote, kwa hiyo hatari ya mama lishe wa machimboni ni kibao kimoja kinachokatiwa kuku mbichi kisha kachumbari. Na kwenye pakiti ya OTC iandikwe hivi, kwa herufi zinazosomeka: "Usiwape kuku wazima. Dawa hii ikitumiwa ovyo huzalisha vikinzadawa. Usichinje wala kuuza mayai kabla siku za kusubiri hazijaisha."