Afisa Madini Mkazi: Cheo, Kazi na Neno

Katika muundo wa Tume ya Madini ya Tanzania, chombo kilichoundwa kwa mabadiliko ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, cheo kinachomgusa mchimbaji mdogo kwa karibu kuliko vyote ni cha Afisa Madini Mkazi. Kabla ya hapo mamlaka ya kutoa baadhi ya leseni yalikuwa kwa Kamishna wa Madini, mtumishi mmoja wa wizara. Yalipohamishiwa kwenye tume, neno "kamishna" nalo likageuka maana, likaacha kumtaja mtu mwenye uamuzi peke yake, likamtaja mmoja wa wajumbe wanaoamua kwa pamoja. Kwa kuwa miongoni mwa wajumbe hao, chini ya mwenyekiti anayeteuliwa na Rais, wamo makatibu wakuu wa wizara kadhaa wenye ofisi zao za kuziendesha, tume hukutana na kutawanyika, na shughuli za kila siku hubaki kwa Katibu Mtendaji aliyeko Dodoma na kwa maafisa wakazi walioko karibu na machimbo.

Istilahi yenyewe imefumwa kwa ustadi. Kiunganishi "wa" kimeachwa kati ya "afisa" na "madini", kama ilivyo kwa Afisa Elimu na Afisa Mifugo, na kwa sababu hiyo msomaji mgeni anaweza kujiuliza kama ukazi ni wa afisa au wa madini. Jibu linatolewa na upatanisho wa kisarufi: wingi wake ni "Maafisa Madini Wakazi", ambapo kivumishi kimeruka juu ya madini na kumfuata mtu. Ngeli imefanya kazi ambayo lugha nyingine zingeifanya kwa mpangilio wa maneno tu.

Neno "mkazi" linatokana na kukaa, na katika utumishi wa umma lilikwisha kuzoeleka kupitia Hakimu Mkazi, kwa hiyo watunzi wa istilahi hii hawakulazimika kubuni kitu kipya. Hata hivyo wapo wanaopenda kusema "afisa madini wa mkoa", wakidhani kuwa maana ni ileile, ilhali tafsiri hiyo inapotosha. Ofisi za tume hufuata mahali yalipo madini, na si lazima zifuate mipaka ya utawala. Ndiyo maana husemwa "mkoa wa kimadini", na ndiyo maana Kahama, iliyo ndani ya Mkoa wa Shinyanga, na Chunya, iliyo ndani ya Mkoa wa Mbeya, zina maafisa wakazi wao. Anayemwita afisa wa Chunya "wa mkoa" amemhamishia Mbeya mjini, mbali na makarasha ya kusagia mawe na mialo ya kuchenjulia dhahabu anayopaswa kuisimamia.

Ukazi huo una uzito kwa sababu sehemu kubwa ya kazi haiwezi kufanywa kwa barua. Leseni ndogo ya uchimbaji, ambayo ni haki ya Watanzania pekee, hutolewa kwa eneo lenye mipaka, na wachimbaji wawili wanapogombea duara moja, yaani shimo la kuchimbia, mtu hana budi kufika, kupima na kuonyesha mpaka ulipo. Vivyo hivyo katika masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019: dhahabu huwekwa kwenye mizani, usafi wake hupimwa kwa mashine mbele ya mwenye mali, thamani hukokotolewa kwa kufuata bei ya soko la dunia, kisha ndipo hukatwa mrabaha, yaani sehemu ya thamani ya madini inayolipwa Serikali kwa niaba ya wananchi. Mabadiliko ya 2017 yaliupandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6, na kuongeza ada ya ukaguzi ya asilimia 1, hivyo kosa dogo la mizani humuumiza mchimbaji au hazina papo hapo, na macho ya afisa aliyesimama pale hayana mbadala.

Cheo hiki kisichanganywe na cha Afisa Migodi Mkazi, ambaye kituo chake ni mgodi wenyewe: huyu hufuatilia uzalishaji na usalama ndani ya uzio, na hushuhudia madini yanapofungashwa na kutiwa lakiri kabla hayajatoka getini.