Bargetto na Mnara wa Mark Abbott

Bargetto ni kiwanda cha mvinyo cha kifamilia mjini Soquel, jimbo la California, Marekani. Kilianzishwa mwaka 1933, marufuku ya pombe ilipofikia ukomo, na ndugu wawili wenye asili ya Italia, Philip na John Bargetto. Hadi leo kimo mikononi mwa ukoo huo. Wageni huonjeshwa mvinyo kando ya Kijito cha Soquel. Mbali na ule wa zabibu, kiwanda hutengeneza pia wa matunda mengine na wa asali. Milima ya Santa Cruz iliyo jirani ilitambuliwa rasmi kuwa eneo la zabibu za mvinyo mwaka 1981.

Kutoka kiwandani, kwa mwendo mfupi wa gari, mgeni hufika Mnara wa Taa wa Mark Abbott katika rasi ya Santa Cruz. Mark alikuwa kijana aliyefariki mwaka 1965 akiteleza mawimbini, na wazazi wake, Chuck na Esther, wakagharimia ujenzi wa mnara huu wa matofali mwaka 1967. Ni mdogo, na pengine hilo ndilo linaloufaa: ni kumbukumbu ya mtoto, si ya mfalme. Ndani yake, tangu 1986, mna makumbusho ya mchezo uleule uliomuua; zimo mbao nzitonzito za zamani za kutelezea. Nje, chini ya jabali, vijana bado hupanda mawimbi ya Steamer Lane.

Mnara wa kwanza wa rasi hiyo, uliojengwa mwaka 1869, ulibomolewa mwaka 1948.