Viungo vya mtandaoni: Ngazi ya tovuti kupanda, mtego wa kuiangusha

Na Mwandishi Wetu

KILA mwenye tovuti hutamani kuiona ikitokea juu mtu anapotafuta jambo katika intaneti. Hata hivyo, mojawapo ya mambo yanayoamua nafasi hiyo halimo ndani ya tovuti yake, bali limo katika tovuti za watu wengine.

Jambo hilo ni kiungo, yaani maneno katika ukurasa wa tovuti moja ambayo msomaji akiyabonyeza humpeleka kwenye tovuti nyingine. Kila kiungo kinachoelekea kwako huchukuliwa kuwa ushahidi kwamba una jambo linalofaa kusomwa.

Fikra hiyo ilitumiwa na Larry Page na Sergey Brin walipokuwa wanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, miaka ya 1990. Waliiga desturi ya wanazuoni, ambao huliona andiko linalotajwa na wengi kuwa lenye uzito. Kanuni yao, PageRank, ikawa msingi wa Google, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1998.

Kanuni hiyo haikuhesabu idadi pekee. Kiungo kutoka tovuti inayoheshimiwa kilizidi vingi vya tovuti zisizojulikana, na ukurasa wenye viungo vingi uligawa uzito wake kwa vyote. Leo Google hupima mambo mengine mengi, lakini viungo bado vimo.

Palipo na ushahidi wenye faida hapakosi mashahidi wa kununuliwa. Zilizuka tovuti zisizo na kazi ila kuuza viungo.

Februari 2011, gazeti la New York Times lilifichua kuwa maelfu ya viungo, vingi vikiwa katika tovuti zisizohusiana na biashara yake, vilielekea kwenye tovuti ya maduka ya J.C. Penney ya Marekani. Google ilipochukua hatua, tovuti hiyo iliporomoka kwa muda wa saa mbili kutoka nafasi ya kwanza hadi ya 68 kwa wanaotafuta samani za sebuleni. Kampuni ilisema haikuidhinisha viungo hivyo, ikaachana na mshauri wake. Aliyeadhibiwa, hata hivyo, alikuwa mwenye tovuti.

Aprili 2012, Google ilianzisha mfumo wa Penguin wa kubaini udanganyifu huo. Tangu mwaka 2016 mfumo huo huvipuuza zaidi viungo bandia kuliko kuishusha tovuti nzima, ingawa adhabu zinazotolewa na wakaguzi wake zingali zipo. Kwa maneno mengine, anayenunua viungo hupoteza fedha, na pengine na wateja.

Njia ya halali ni kuandika kitu ambacho wengine watahitaji kukitaja. Hoteli ya Zanzibar inayoweka ratiba sahihi ya boti na kuihuisha kila inapobadilika itaelekezewa na waandishi wa safari bila kulipa. Aidha, mwenye biashara anaweza kuwaomba wasambazaji wake, au chama alichojiunga nacho, waitaje tovuti yake.

Fundi akikuahidi viungo mia tano kwa wiki moja, mwulize vitatoka tovuti zipi kabla hujatoa fedha. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.