Umri wa Jaji na Mkono wa Mtawala

Katiba ya jimbo la New York ya mwaka 1777 ilimtaka jaji aachie kiti akitimiza miaka 60. Alexander Hamilton, mmoja wa waasisi wa Marekani, aliupinga utaratibu huo, na Katiba ya Marekani ikawaacha majaji wa shirikisho wakae maisha yao yote, mradi mwenendo wao uwe mwema. Mwaka 1823 James Kent, jaji aliyeheshimika sana New York, alistaafu kwa umri huo akiwa bado na nguvu tele. Baada ya hapo ndipo alipoandika Commentaries on American Law, kazi iliyosomwa na vizazi vya mawakili.

Huko Uingereza, sheria ya 1701 ilimwondolea mfalme uwezo wa kumfukuza jaji apendavyo. Kikomo cha miaka 75 kilifika 1959, lakini hakikuwagusa waliokwisha kuteuliwa. Ndiyo maana Lord Denning, jaji tangu 1944, alistaafu 1982 akiwa na miaka 83. Sheria ya 1993 ilikishusha hadi 70. Mwaka 2022 kikarudishwa 75, kwa majaji na mahakimu pia.

Basi umri wenyewe hupanda na kushuka. Hatari huanza pale mtawala anapoutumia kuwachagua majaji wa kubaki. Mwaka 1937 Rais Franklin Roosevelt, ambaye sheria zake zilikuwa zikibatilishwa na Mahakama ya Juu, alitaka kuongeza jaji mmoja kwa kila jaji wa mahakama hiyo aliyepita miaka 70 na nusu bila kustaafu. Seneti, iliyojaa watu wa chama chake, ilimkatalia. Hungaria ilishusha umri kutoka 70 hadi 62 kwa mkupuo mmoja mwaka 2012. Poland ilifuata 2018, kutoka 70 hadi 65 kwa majaji wa Mahakama ya Juu, huku Rais akipewa hiari ya kuwaongezea muda awatakao. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilizikataa hatua zote mbili.

Kenya ilishusha umri kutoka 74 hadi 70 kwa Katiba ya 2010. Naibu Jaji Mkuu Kalpana Rawal na Jaji Philip Tunoi, walioteuliwa chini ya katiba ya zamani, walidai miaka 74, wakashindwa mwaka 2016. Jaji Mkuu David Maraga alitimiza 70 Januari 2021, akaondoka bila mvutano.

Kwetu Tanzania, Katiba inaweka miaka 60 kwa Mahakama Kuu na 65 kwa Mahakama ya Rufani, kisha inamruhusu Rais kumwongezea jaji muda kwa manufaa ya umma. Jaji Mkuu Ibrahim Juma alitimiza 65 mwaka 2023, akaongezewa, akastaafu 2025. Hoja si mtu, ni ibara. Jaji anayekaribia kustaafu hapaswi kusikiliza kesi ya Serikali huku Serikali hiyohiyo ikishikilia mwaka wake ujao. Kama 60 ni michache, Katiba iandike 70, na isiachie mtu yeyote nafasi ya kuongeza hata siku moja.