Nani Amepunga Upepo Kando ya Nile?

Jumapili alasiri mjini Juba, magari ya maji hujipanga ukingoni yakivuta maji ya mto kwa pampu. Waendesha bodaboda huosha pikipiki zao, maji yakiwafika magotini. Hatua chache kutoka hapo watu wameketi chini ya miembe, sahani ya samaki wa kukaanga katikati yao, wakitazama visiwa vya magugu maji vikiteremka taratibu kuelekea kaskazini. Huku ndiko kubarizi, na hakuna aliyewafundisha. Lakini katika historia iliyoandikwa ya bonde hili watu hao hawamo. Kwa karne moja na nusu, aliyesimuliwa akistarehe kando ya mto huu ni mgeni mpita njia. Hali hiyo haikujileta yenyewe. Ilianza na umbile la mto, ikatiwa nguvu na bunduki na leseni, na kwa sababu hiyo mipango ya leo ya utalii haina budi kuanza na mkazi wa Juba.

Tuanze na mto wenyewe. Kati ya Nimule na Rejaf, Nile hupita kwenye miamba na maporomoko, kuanzia Fula karibu na Nimule hadi Bedden, kusini kidogo ya Juba. Meli kutoka Khartoum haziwezi kupanda zaidi ya hapa. Zile za Ziwa Albert nazo zilikuwa zikiishia Nimule. Katika miaka ya 1870, watu wa gavana Charles Gordon walilazimika kubeba meli zikiwa vipande vipande hadi Dufile, juu ya maporomoko hayo, na kuziunga upya huko. Kwa hiyo eneo hili likawa mahali pa kushuka chomboni na kuanza kutembea. Wasafiri wavumbuzi Speke na Grant walifika Gondokoro, karibu na Juba ya leo, Februari 1863 wakitokea kusini, wakakutana na mvumbuzi mwenzao Samuel Baker aliyekuwa akitokea kaskazini. Wakati huo Gondokoro ilikuwa soko la pembe za ndovu na watumwa. Juba yenyewe ilikuzwa na Waingereza kuanzia miaka ya 1920, ikachukua nafasi ya Mongalla kama makao ya utawala, na sababu kubwa ilikuwa ile ile: hapa meli hukoma na barabara za Uganda na Kongo huanza.

Msafiri wa starehe aliyejulikana kuliko wote katika njia hiyo ni Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani kama rais wa Marekani mwaka 1909. Januari 1910 alipiga kambi upande wa magharibi wa mto, katika Lado, eneo lililokuwa limekodishwa kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Huko yeye na mwanawe Kermit waliua vifaru weupe wa kaskazini tisa. Kisha msafara ukatembea kutoka Nimule hadi Gondokoro kwa muda wa siku kumi hivi, ukapanda meli kwenda Khartoum. Watetezi wake husema kazi ile ilikuwa ya sayansi, na ni kweli kwamba mizoga ilikwenda kwenye makumbusho ya Smithsonian. Lakini sayansi haikumzuia kufurahia uwindaji, na furaha hiyo haikuwa ya kila mtu. Katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ya kikoloni, aliyelipia leseni aliitwa mwindaji, na aliyetafuta kitoweo bila karatasi aliitwa jangili.

Haitakuwa haki kumtwika Roosevelt peke yake mzigo wa kutoweka kwa vifaru hao. Ujangili na vita vya baadaye viliua wengi zaidi. Hata hivyo tukumbuke hesabu. Kifaru dume aliyeitwa Sudan, aliyekamatwa akiwa mdogo mwaka 1975 huko Shambe, ukingoni mwa mto huu huu, alikufa Ol Pejeta nchini Kenya Machi 2018. Waliobaki duniani ni majike wawili, Najin na Fatu. Nimule ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1954, na leo haina kifaru hata mmoja wa kumwonyesha mtoto wa Juba.

Baada ya bunduki zikaja tiketi. Katika miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways zilitua Juba, meli za mto zilishusha abiria, hoteli ikawapa kitanda, na kesho yake walishika barabara ya Nimule. Vita vya 1955 hadi 1972, kisha vya 1983 hadi 2005, vilifunga yote hayo. Amani ya 2005 ilipofungua ukingo tena, kambi nyingi zilizoota pale zilikuwa za wafanyakazi wa misaada, bei zikitajwa kwa dola. Mgeni alibadilika, ila mpango ulibaki ule ule.

Kuna watakaosema kwamba nchi iliyopigana tena mwaka 2013 na 2016 haina nafasi ya kuzungumzia matembezi. Hoja hiyo ina uzito, lakini waliokaa chini ya miembe wanaijibu: starehe yao haidai bajeti, inadai ukingo usizungushiwe ukuta. Wengine hutaja umeme, na bwawa linalokusudiwa kujengwa Fula. Juba inauhitaji umeme huo, hilo halina ubishi. Ila tujifunze kwa jirani. Jinja, nchini Uganda, ilikuwa imejenga biashara nzima ya kuteremka maporomoko kwa mitumbwi ya mpira. Bwawa la Bujagali lilipokamilika mwaka 2012 lilizamisha maporomoko yenyewe, na lile la Isimba, mwaka 2019, likameza mengine. Uganda ilipata megawati 250, kisha 183. Gharama ya maji yaliyopotea ilibaki kwa vijana waliokuwa wakiongoza mitumbwi. Ikiwa Fula itajengwa, maporomoko yake yaingizwe kwenye hesabu kabla ya zege, na wanaoishi kandoni wawepo mezani.

La kuanzia si kubwa: njia ya miguu, ya wazi kwa kila mtu, ikifuata ukingo kutoka bandarini hadi chini ya Mlima Rejaf. Ni mwendo wa asubuhi moja, na viwanja vinavyoweza kuikata vinaendelea kujengwa.