Utafiti wa Kigezi Unaolisha Wandegeya

Jua likizama Wandegeya, makarai ya mafuta huanza kuchemka kandokando ya Barabara ya Bombo. Wanafunzi huteremka kutoka kilima cha Makerere, wauguzi hutoka zamu Mulago, na wengi wao huishia penye chipsi na kuku. Viazi vinavyokaangwa hapo havikulimwa karibu. Vingi husafiri zaidi ya kilomita 400 kutoka Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, na nyuma yake kuna kazi kubwa ya watafiti ambayo mlaji haioni.

Mji wa Kabale uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kituo cha utafiti cha Kalengyere kiko juu zaidi, kupita mita 2,400. Usiku wa huko ni wa blanketi zito, na faida iko hapo hapo. Kiazi mviringo hutunga vizuri usiku ukiwa wa baridi. Penye joto mmea huotesha majani mengi na kuzaa kidogo. Tena vidukari, wadudu wanaoeneza virusi, ni wachache kwenye baridi, kwa hiyo mbegu iliyozalishwa mlimani hukaa safi kwa muda mrefu kuliko ya bondeni.

Zao hili liliingia Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, na ugonjwa wa bakajani ukawa adui yake mkubwa. Ndio uleule ulioteketeza mashamba ya Ireland kuanzia 1845 na kuleta njaa iliyoua watu wapatao milioni moja. Ukungu na mvua za Kigezi huupa nguvu. Shamba la kijani laweza kuwa jeusi ndani ya siku chache. Kwa miaka mingi wakulima walitegemea mbegu kama Rutuku na Sangema, zilizovuka mipaka kati ya Kongo, Rwanda na Uganda.

Misukosuko ya kisiasa ya miaka ya 1970 iliurudisha utafiti nyuma. Ulifufuka kwa ushirikiano na Kituo cha Kimataifa cha Viazi, CIP, kilichoanzishwa Lima, Peru, mwaka 1971. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikatoka mbegu ya Victoria: ngozi nyekundu, nyama ya manjano hafifu, tayari kuvunwa kwa takriban miezi mitatu. Kenya mbegu hiyohiyo inaitwa Asante.

Victoria ilipendwa shambani na jikoni. Mkaangaji ana vipimo vyake: kiazi chenye maji mengi hunywa mafuta na kulegea, chenye sukari nyingi hubadilika rangi kabla ya kuiva ndani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakulima wa Nyabyumba, Kabale, waliingia mkataba wa kuuzia viazi mgahawa wa Nando's jijini Kampala. Mteja alitaka viazi mwaka mzima, basi wakapangiana zamu za kupanda. Hapo utafiti, shamba na jiko vilizungumza lugha moja.

Lakini mbegu bora isiyomfikia mkulima haimsaidii. Na ikimfikia, yaweza kuwa imebeba ugonjwa: mnyauko wa bakteria hujificha ndani ya kiazi kinachoonekana kizima. Kata shina la mmea ulionyauka, ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi: baada ya muda mfupi uzi mweupe wa bakteria hushuka kutoka kwenye mkato. Jaribio hilo halihitaji maabara, nalo limewaokolea wakulima mashamba mengi. Vilevile watafiti walieneza ghala la mwanga hafifu, ambamo viazi vya mbegu hutandazwa kwenye vichanja na kutoa machipukizi mafupi, manene na ya kijani, badala ya marefu na dhaifu yanayoota gizani.

Tangu 1992 kazi hii ya utafiti iko chini ya NARO, Shirika la Taifa la Utafiti wa Kilimo. Mwaka 2015 kituo cha Kachwekano, Kabale, kilianza majaribio ya shambani ya Victoria iliyoongezewa jeni tatu za viazi pori ili kuhimili bakajani. Bunge lilipitisha mswada wa usalama wa bioteknolojia, wa kusimamia mazao ya aina hiyo, mwaka 2017, Rais akaurudisha, na mjadala ukaendelea.

Vyovyote mjadala utakavyoamuliwa, pengo la leo ni la mbegu. Wakulima wengi wa Kigezi bado hupanda walichobakiza msimu uliopita, pamoja na magonjwa yake, na kila msimu mavuno hupungua. Hakuna mbegu inayodumu milele: bakajani hubadilika, na mtafiti akisimama, ugonjwa humpita. Fedha za vituo vya Kachwekano na Kalengyere zisitegemee wafadhili wanaokuja na kuondoka. Serikali izitenge kila mwaka, na sehemu yake iende moja kwa moja kwa vikundi vinavyozalisha mbegu safi vijijini. Jiji linalokula jasho la milima linadaiwa na milima hiyo.